Kadogo na Jumbo

Nekesa alimlea mdogo wake Griffins kwa cherehani. Mama yao alipofariki huko Bungoma, kijana akiwa bado shule ya msingi, yeye ndiye aliyekwenda kumchukua, akamleta Nairobi katika chumba chake cha Shauri Moyo na kumtandikia godoro chini ya meza ya kukatia nguo. Kila Januari alishona sare za shule hadi macho yakamwasha, ili karo ipatikane. Ndiyo maana Griffins alipomaliza chuo na kuajiriwa katika duka moja kubwa la simu kule Jogoo Road, Nekesa alifunga kibanda chake akaenda kumtazama tu. Alisimama nje ya kioo kama mtu anayengoja mwenzake, akamwona mdogo wake ndani, shati jeupe, tai nyekundu, anawaeleza watu wazima mambo nao wanamsikiliza. Hakuingia. Alirudi kazini akiwa ameshiba bila kula.

Kibanda chake kiko ubavuni mwa nyumba, kando ya njia ambayo watu hushukia soko la Gikomba. Anashona magauni ya vitenge, na siku hizi wateja hawaji na maelezo ya mdomo. Wanatuma picha kwenye simu, nao wanataka kutumiwa picha ya gauni likiisha, kabla hawajatoka walipo. Simu yake ya zamani ilikuwa ikimwaibisha. Kitenge cha manjano kilitoka kwenye picha kama kitambaa kilichofuliwa kwa maji ya mtaro. Kuna mteja wa Kware aliyekataa gauni zuri kabisa kwa sababu ya picha mbaya, na Nekesa akaamua hapo hapo kwamba atanunua simu nyingine hata kama itabidi cherehani mpya ya kufunga pindo isubiri.

Bahati ikawa wakati huo kampuni moja imeleta simu tatu za jina moja, zinazofanana kama ndugu wa tumbo moja, ila kwa kimo. Kwenye maboksi ziliandikwa majina marefu ya kigeni, lakini dukani kila mtu aliziita Kadogo, Kati na Jumbo. Griffins alikuja Jumapili baada ya kanisa akazisifu huku anakula, akamwambia dada yake asiende kwingine kokote, aje kwake.

Alikwenda na Mideva. Mideva ni jirani yake wa kibanda, mjane kutoka Vihiga anayeuza mitumba ya watoto. Wamekaa bega kwa bega miaka mingi, kanisani wanaimba sauti moja, na mmoja akiugua mwenzake huuzia vibanda vyote viwili. Yeye pia alihitaji simu, lakini kwa mambo ya mashine hakujiamini hata kidogo.

Simu tatu zilikuwa zimepangwa juu ya meza ya kioo, kila moja na bei yake mbele. Nekesa alianza na Kadogo. Ilikaa kwenye kiganja chake vizuri kama kipande cha sabuni, na kidole gumba kilifika kila pembe bila kujinyoosha. Aliipenda papo hapo. Bei yake pia ilikuwa ya mtu wa kawaida, elfu kumi na nane.

Griffins aliicheka kidogo, akaichukua mkononi mwake taratibu na kuirudisha mezani.

"Hiyo ni ya watoto wa shule, Siz," alisema. "Kamera yake ni jina tu. Wewe una kazi ya kuonyesha watu."

Akawaeleza. Kati ilikuwa afadhali, lakini bei yake ilikuwa juu sana kwa kile ilichokuwa nacho, na mtu akishafika hapo, akijikaza kidogo tu, anaikuta Jumbo. Jumbo ndiyo iliyokuwa na kamera ya kazi, na ubongo wa kubeba picha nyingi bila kukwama. Nekesa alipoiinua ilimjaa mkono mzima na kumzidi. Alisema ni kubwa mno. Griffins akamwinamia, akamtazama machoni.

"Mimi siwezi kukuuzia kitu kibaya," alimwambia. "Wewe ndiye mama yangu."

Baada ya hapo hapakuwa na la kujadili. Nekesa alitoa elfu thelathini, pesa alizokuwa ameziweka kwenye chama cha akiba kwa ajili ya ile cherehani. Mideva alisitasita, akaishika Kadogo, akaiweka, akamwangalia Nekesa. Nekesa akamwambia kwamba kijana anajua kazi yake. Basi Mideva naye akachukua Jumbo, kwa malipo ya kila wiki, na katika miezi iliyofuata Nekesa akapeleka kwa Griffins wanawake wengine wawili wa kwaya. Alijisikia vizuri kufanya hivyo. Aliona kwamba anamjenga kijana wake, na wenzake pia anawasaidia.

Jumbo ilipiga picha nzuri, hilo halikuwa uongo. Lakini haikuingia kwenye mfuko wa aproni, ikabidi aufumue mfuko na kushona mwingine. Kuishika kwa mkono mmoja, huku mwingine umeinua kitambaa, kulimwachia maumivu ya kifundo yasiyoisha. Ya Mideva ilimponyoka mara ya kwanza akimrudishia mteja chenji, na kioo kikapasuka kuanzia kona hadi kona. Mideva hakulalamika. Alimpelekea fundi akaibandika utepe wa plastiki, akaendelea nayo. Na kila aliposikia mtu akiishangaa ile simu, Nekesa aliitetea mwenyewe: hiyo ni simu ya kazi.

Halafu Griffins akasema anataka kuoa. Msichana aliitwa Maurine, mwuguzi mpole wa Makongeni, binti wa Mzee Owino aliyestaafu kutoka reli. Ilipangwa siku ya familia kwenda kujitambulisha. Kwa kuwa baba yao pia alishafariki, waliokwenda walikuwa Griffins mwenyewe, mjomba wao Luseno na Nekesa. Nekesa alijishonea gauni la kitenge cha manjano na buluu, na njiani alihisi kwamba leo ndiyo siku aliyokuwa akiishonea sare zote zile.

Walipokelewa vizuri. Nyumba ilikuwa imefagiliwa hadi nje, viti vya majirani vimeazimwa, samaki na kuku wameiva. Mjomba Luseno alisema maneno ya heshima, Mzee Owino akayajibu kwa heshima. Baada ya kula, mama yake Maurine alisema lazima wageni wapigwe picha kabla jua halijahama mlangoni. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu ndogo, akawapanga, akapiga. Kisha akaipitisha kwa kila mtu atazame.

Ilipomfikia Nekesa, alijiona amekaa katikati, gauni lake likiwa na manjano yake halisi na buluu yake halisi, hata mshono wa shingoni unaonekana. Akaigeuza simu nyuma. Ilikuwa Kadogo.

Alisema, kwa nia njema tu, kwamba hakujua simu hiyo ndogo inaweza kupiga picha safi namna hiyo.

Mama Maurine alifurahi kusikia hivyo. Ni wazi ilikuwa hadithi aliyokwisha kuisimulia mara nyingi, na alipenda kuisimulia.

"Maurine alinipeleka dukani kwake, nami nilikuwa nimeshaamua ile kubwa," alisema. "Pesa ninazo mkononi. Huyu kijana akanivuta kando, akaniambia, mama, usipoteze pesa yako. Hizi tatu ni simu moja. Kamera ni hiyo hiyo, ubongo ni huo huo. Ile kubwa unalipia kioo na betri." Akamgusa mumewe begani. "Siku hiyo ndiyo nilimwambia Mzee, huyu hata kama hana kitu, tutampa msichana."

Mzee Owino aliitikia kwa kichwa. Alisema amewahi kuona wafanyabiashara wa kila namna, lakini anayekuzuia kununua cha bei ya juu, huyo hakuwahi kumwona. Mjomba Luseno, kwa fahari, akasema kwamba kijana hakujilea mwenyewe, na akamwonyesha Nekesa kwa mkono. Nyumba nzima ikamgeukia, nyuso zote zimejaa shukrani.

Jumbo ilikuwa ndani ya mkoba wake, magotini. Nekesa alimtazama Griffins. Griffins alikuwa anasoma maandishi ya chupa ya soda.

"Ilikuwa lini, mama?" Nekesa aliuliza.

Mama Maurine alifikiri kidogo. Ilikuwa kabla ya Pasaka, alisema, kwa sababu picha za kwanza alizopiga na simu hiyo zilikuwa za kanisani siku ya matawi.

Nekesa alinunua yake baada ya Pasaka. Hilo alilikumbuka vizuri, hakuhitaji kuhesabu. Kwa hiyo siku ile mdogo wake alipomwinamia na kumtazama machoni, maneno ya kweli yalikuwa tayari yamepita kinywani mwake, yamepewa mtu mwingine, yakapokewa na kumletea sifa. Aliwashukuru wenyeji. Alisema wamempokea vizuri, na kwamba Maurine ni mtoto mzuri. Sauti yake ilitoka sawasawa na hakuna aliyejua kitu, isipokuwa mmoja.

Walipoagana, mjomba Luseno alipanda gari la kwenda kwake. Dada na mdogo wake wakatembea, wakavuka Jogoo Road. Karibu na soko la Burma, mahali penye kelele za wachinjaji, Nekesa alisimama. Alimwuliza kama ni kweli.

Griffins hakukana. Alianza kueleza haraka haraka, kama mtu aliyekuwa ameyaandaa maneno tangu mezani. Kadogo haikuwa na faida yoyote kwa mwuzaji, alisema, iliwekwa pale ili tangazo la nje liwe na bei ya chini na watu waingie. Kati nayo haikuletwa iuzwe. Ilipangwa katikati na kupewa bei mbaya makusudi, mtu akiitazama aone Jumbo haiko mbali. Kazi ya mwuzaji ni kumsukuma mteja apande hiyo ngazi. Meneja alikuwa ameahidi kwamba atakayeuza Jumbo nyingi kuliko wenzake atapewa kusimamia tawi jipya la Buruburu. Haikuwa hila yake peke yake, kila mtu dukani alifanya vivyo hivyo.

Nekesa alimsikiliza hadi akamaliza.

"Na Mama Maurine?" aliuliza. "Yeye mbona hukumpandisha ngazi?"

"Wale walikuwa hawanijui. Nilitaka waniamini."

"Na mimi?"

Griffins aliinua mabega. Hakusema kwa ubaya. Pengine ndiyo sababu neno lenyewe lilimwingia Nekesa ndani namna ile.

"Wewe ulikuwa umeshaniamini, Siz."

Watu waliwapita na nyama zilizofungwa kwenye magazeti. Nekesa alihisi mwili wake umekuwa mzito, kama mtu aliyeamshwa ghafla usingizini. Alijaribu kukasirika, hasira haikuja. Kilichokuja ni kile chumba, godoro chini ya meza, na mtoto aliyekuwa akimwuliza gizani kama bado yuko macho. Kumbe mtoto huyo alikuwa amekua na kujua kitu kimoja kumhusu dada yake: kwamba yeye ndiye mtu rahisi kudanganywa, kwa sababu hatachunguza.

Griffins akasema atamrudishia tofauti ya bei yote. Nekesa akamwambia hajamwomba pesa. Alichotaka ni aende kwa Mideva na kwa wale wawili wa kwaya, awaambie kwa kinywa chake mwenyewe alichowafanyia.

"Baada ya harusi," Griffins alisema. "Siz, tafadhali. Habari ikifika Makongeni sasa, nimekwisha."

Ndipo Nekesa alipoelewa kwamba anaombwa tena. Safari hii hakuombwa karo wala godoro. Aliombwa autunze uongo uliotengenezwa juu yake. Alimwacha pale pale amesimama, akaenda zake nyumbani.

Jumatatu, kabla wateja hawajaanza kuteremka, alimwita Mideva, akampa stuli, akamweleza yote bila kuacha kitu. Alimwambia kwamba simu tatu ni moja, kwamba Griffins alijua, na kwamba yeye mwenyewe hakujua. Alitazamia Mideva aduwae, au alie, au atukane. Mideva alikunja soksi za watoto mbili mbili hadi hadithi ikaisha.

"Mimi niliambiwa zamani," Mideva alisema. "Yule fundi aliyebandika kioo changu aliniambia."

Nekesa alimwuliza kwa nini hakusema.

"Nilidhani unajua. Nilidhani unapewa chako kwa kila mtu unayempeleka."

Alisema polepole, bila kumwangalia. Akaongeza kwamba aliumia sana wakati huo, na kwamba kulikuwa na majuma ambayo hakutaka hata kumpa Nekesa salamu. Halafu alifikiri kuwa Nekesa naye ana shida zake, akaamua kumsamehe kimya kimya na maisha yakaendelea.

Hilo ndilo lililomliza Nekesa. Alilia pale pale njiani, aproni usoni, si kwa sababu ya simu. Miezi yote hiyo walikuwa wamekaa bega kwa bega, wamekula sahani moja, na rafiki yake alikuwa akimwona mwizi na kumpenda hivyo hivyo. Griffins alikuwa ameuza hata jina jema la dada yake, na huenda hakujua kama lilikuwemo kwenye boksi. Mideva aliweka soksi chini, akahamisha stuli yake karibu, akakaa naye hadi mteja wa kwanza alipofika.

Wale wa kwaya walipokea habari kila mmoja kwa njia yake. Mmoja alisema amezoea kuibiwa Nairobi na hili ni dogo. Mwingine alimsikiliza Nekesa hadi mwisho, akamshukuru kwa ubaridi, na tangu siku hiyo mazoezini huenda kusimama mwisho wa mstari, mbali naye. Nekesa hakumlaumu.

Griffins hakuja. Alituma pesa kwa Mideva kupitia simu, bila neno hata moja. Mideva alimwonyesha Nekesa ujumbe wa malipo.

"Nina watoto, pesa nitachukua," alisema. "Salamu zake asitume."

Tawi la Buruburu alipewa Griffins. Nekesa alisikia habari hiyo kanisani kwa watu wengine, na ilibidi atabasamu walipompongeza.

Kisha Maurine akaja kupimwa gauni la harusi. Nekesa alikuwa amemwahidi siku ile Makongeni kwamba atamshonea, na hakuona sababu ya kuvunja ahadi. Alimpima kifua, kiuno, urefu wa mkono. Maurine akauliza kwa nini siku hizi Griffins hataki kupita Shauri Moyo, na akiulizwa habari za dada yake hubadilisha mazungumzo.

Nekesa alikuwa na maneno yote mdomoni. Angeweza kuyasema kwa muda mfupi kuliko ule wa kuingiza uzi kwenye sindano. Akayameza.

"Muulize yeye," alisema. "Mwambie nimesema akwambie habari ya Jumbo. Atakavyokujibu, utajua ni mtu gani unayeolewa naye."

Maurine alimtazama, akaitikia kwa kichwa.

Griffins alikuja Ijumaa iliyofuata mchana, akiwa na kitambaa cha suti kimekunjwa kwenye mfuko wa karatasi. Alimsalimia Mideva kwanza. Mideva alikuwa na mteja, hakuinua uso. Griffins akasubiri kidogo, kisha akaingia kibandani. Alikuwa amekonda. Alisema amemwambia Maurine kila kitu, na kwamba Maurine alikaa siku kadhaa bila kupokea simu zake. Hatimaye aliporudi kuzungumza naye, alimwambia harusi ipo, ila wazazi wake wataambiwa na Griffins mwenyewe, na kwamba lazima kwanza aje huku.

"Kwa hiyo umetumwa," Nekesa alisema.

Griffins aliuweka mfuko wa karatasi juu ya meza. Alisema amekosea. Alisema hata siku ile dukani, alipomwona dada yake anaipenda Kadogo, roho ilimwuma, lakini mdomo ulikuwa umezoea. Nekesa aliamini. Jambo la ajabu ni kwamba kumwamini hakukumsaidia. Maneno yalikuwa ya kweli na yalimfikia, lakini mahali yalipozoea kukaa hapakuwepo tena.

Alichukua utepe wa kupimia kutoka shingoni.

"Inua mikono," alisema.

Alimpima mabega, kifua, kiuno, urefu wa mguu, akiandika kwa chaki pembeni mwa kitambaa kama kawaida yake. Griffins alisimama wima kama alivyokuwa akisimama akiwa mtoto, kidevu juu. Tangu alipofika Nairobi hakuwahi kulipia nguo yoyote iliyotoka kwenye cherehani ile, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba angelipia. Nekesa alipomaliza, alikunja kitambaa, akamwambia siku ya kuja kujaribu, kisha akamtajia bei. Ilikuwa bei yake ya suti, ile ile aliyomtajia kila mtu, haikuzidi wala kupungua.

Griffins aliendelea kusimama, akimtazama usoni, kama mtu anayengoja mwenzake acheke ili naye apate kucheka. Nekesa alikuwa ameshakaa kwenye cherehani. Mwishowe Griffins akatoa nusu ya malipo, akaiweka juu ya meza ya kukatia nguo, akaaga. Nekesa aliitikia salamu, akaweka pesa kwenye droo, akamwita mwanamke aliyekuwa akisubiri nje na kitambaa chake.